Mkataba wa Kazi Uandikwe

Katika Nyeri, Karatina na Nanyuki, kazi nyingi siku hizi hutolewa kwa muda: miezi mitatu, sita au mwaka mmoja. Mavuno yazidipo watu huandikwa, yapungukapo huachishwa.

Zamani, tangu 1920 hadi 1947, wanaume walivaa kipande shingoni. Ndani yake mliandikwa jina la bwana, mshahara na siku ya kuacha kazi. Nacho kilimfaa mwajiri kuliko mtumishi. Mkataba wa leo huwalinda wote wawili.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yaamuru kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandika. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha aifahamuyo. Tena kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo si wa kutwa tena. Hastahili kuachishwa bila kupewa notisi ya siku 28.

Basi, msomaji, kabla ya kutia sahihi tazama kazi yenyewe, mshahara, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Kisha uitunze nakala yako. Mali bila daftari hupotea bila habari.