Fahamu: Methadoni na kazi ya muuguzi katika tiba ya uraibu wa heroini

Methadoni ni nini?
Ni dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini. Hugusa sehemu zilezile za ubongo zinazoguswa na heroini, lakini taratibu na kwa muda mrefu. Dozi moja kwa siku huzuia arosto, yaani dalili za kukosa heroini: maumivu ya mwili, kuharisha, jasho na kukosa usingizi.

Ilianza lini Tanzania?
Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Huduma ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine.

Muuguzi hufanya nini?
Kabla ya dozi, humkagua mgonjwa kama anasinzia, amelewa au anapumua kwa shida. Mwenye dalili hizo huchunguzwa kwanza, kwani methadoni ikichanganyika na pombe au dawa za usingizi inaweza kukata pumzi. Dawa hunywewa mbele ya mhudumu. Aliyekosa siku kadhaa hupimwa upya na dozi hupunguzwa, maana mwili wake hauimudu tena ile ya awali. Muuguzi pia hufuatilia VVU, kifua kikuu na homa ya ini, husafisha vidonda na kuishauri familia.

Kwa nini lugha ni sehemu ya tiba?
Uraibu ni ugonjwa sugu, na kurudia matumizi ni jambo linalotarajiwa. Hivyo anayeitwa kwa dharau "teja" mapokezini huenda asirudi kesho, na kuacha tiba ghafla humweka katika hatari ya kufa kwa kuzidisha heroini akirudia matumizi. Heshima humrudisha kliniki.