DIFU NAYO HUPUMUA, USIINYWESHE MAJI!

Masika ya Unguja ni Machi hadi Mei, na mwenye gari ya 4x4 akiona maji barabarani anahofia injini tu. Kumbe chini kuna difu, giaboksi na transfa, na zote zinapumua.

Inakuwaje? Chukulia umetoka Mji Mkongwe mpaka Nungwi, zaidi ya kilomita 50. Difu imepata moto, tuseme nyuzi 80. Hewa ya ndani imetanuka na nyingine imetoka kwenye kitundu cha kupumulia, kile chenye kofia ndogo juu ya ekseli. Halafu unarudi kinyumenyume baharini kushusha boti. Maji ni nyuzi 27 hivi. Hewa inapoa, inasinyaa karibu asilimia 15, difu inavuta pumzi. Kitundu kikiwa kimezama na kofia haishiki, inavuta maji! Kofia ikiwa imeziba kwa tope na kutu, maji yanapita kwenye sili. Oili inageuka chai ya maziwa, beringi na meno yanaliwa. Maji ya chumvi ndiyo balaa zaidi.

Dawa yake si ghali. Kwenye gari yangu tulimaliza asubuhi moja na fundi:

1. Safisha juu ya ekseli kwanza, mchanga usidondokee ndani.
2. Fungua kofia, funga nipeli yenye uzi unaolingana.
3. Vesha mpira unaostahimili oili na joto, kisha kaza klipu.
4. Upandishe mpira mpaka juu ndani ya boneti, mbali na ekzosi. Uache ulegee kidogo, maana ekseli hupanda na kushuka. Usipinde ukajibana.
5. Mwisho wa mpira weka filta ndogo ya petroli kuzuia vumbi.

Fanya hivyo difu zote mbili, giaboksi na transfa. Gari nyingine zina mipira tayari ila mifupi, hizo ongeza urefu tu.

Angalizo: sili mbovu bado zitapitisha maji, na injini haijapona kwa hili. Ukishavuka maji mengi, kagua oili. Ukiona weupe, mwaga siku hiyo hiyo, usingoje sevisi.

Kwa wanaobeba wageni, gari ndiyo riziki. Mpira na klipu ni pesa ndogo, difu nzima ni kilio.

Nawasilisha. Wenye Escudo, mmeupitishia wapi mpira wa nyuma? Maoni ruksa.