Fari za kuongeza: kuona mbali si kuona vizuri

Siku hizi, kwenye barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, utakutana usiku na pikapu yenye taa sita ao nane juu ya paa, inawaka sawa vile uwanja wa mpira. Shofere wake anajisikia mukubwa. Lakini mwenzake anayekuja mbele yake haoni tena kitu, na yule mama anayetembea pembeni na muzigo kichwani haonekani na yeyote kati yao wawili. Ile taa imenunuliwa juu ya usalama, na sasa njo yenye kuleta hatari.

Ndugu watumikaji wengi wanapanda motokari saa kumi ya asubuhi kwenda posti, na wengine wanarudi usiku. Kuanzia mwezi wa tano vumbi linasimama. Mwezi wa sita na wa saba baridi inaleta ukungu mabondeni na karibu na mito. Halafu mvua inaanza. Kwa hiyo fari za kuongeza ni jambo la maana kwetu. Lakini si nguvu tu ya kuangalia. Angalia kwanza umbo la mwangaza, na mahali pa kuifunga.

Taa mbili, kazi mbili

Wauzaji wanachanganya vitu viwili. Kuna fari ya mbali, wanaita lonporte. Mwangaza wake ni mwembamba, unaenda mbali sana mbele. Iko ya barabara iliyonyooka, isiyo na watu. Inapashwa kuwaka pamoja na plen fari na kuzimika pamoja nayo. Ukiona motokari ingine inakuja, unarudi kwenye kode, na ile yote inazimika kwa kifungo kimoja.

Kuna tena fari ya ukungu, wanaita antibruyari. Mwangaza wake ni mupana, uko chini, na juu umekatwa sawa kwa kisu. Haiendi mbali. Inaonyesha mashimo, kando ya barabara, na miguu ya mutu anayetembea.

Juu ya nini iko hivyo? Ukungu ni matone madogo ya maji, na vumbi ni chembe za udongo. Ukiwasha plen fari, kila tone na kila chembe inakurudishia mwangaza machoni. Unaona ukuta mweupe mbele yako. Ukiongeza nguvu, ukuta unazidi kuwa mweupe. Dawa ni kupitisha mwangaza chini, mbali na mustari wa macho yako. Njo maana fari ya ukungu inafungwa chini, kwenye parashoki. Kanuni za Ulaya kwa motokari ndogo zinasema kati ya sentimeta 25 na 80 toka chini. Ukiiweka juu ya paa, umeiua kazi yake, hata kama ulilipa bei kali. Na barre ya LED ya paa ikiwaka ndani ya vumbi, inaangaza pia kapo ya motokari yenyewe, na shofere anazibwa macho na taa yake.

Na rangi ya manjano? Wazee wanakumbuka motokari za Ufaransa zenye fari za manjano. Kule ilikuwa sheria mpaka 1993. Kuna mashofere wanaosema manjano haichokeshe macho. Ni sawa, chagua unayopenda. Lakini manjano haitoboi ukungu kupita nyeupe. Umbo la mwangaza njo lenye kufanya kazi.

Mbele ya kulipa, soma kioo

Taa ya kweli iko na alama kwenye kioo: herufi E ndani ya duara, na namba. Kwa fari ya ukungu tafuta B ao F3. Kwa fari ya mbali tafuta R ao HR. Taa isiyo na alama yoyote, hakuna mutu amethibitisha mwangaza wake unaenda wapi. Usidanganyike na namba kubwa za wati kwenye karatasi ya kopo. Kila mutu anaweza kuziandika. Kwa vumbi na maji, IP67 ni alama nzuri: 6 maana yake vumbi haliingii, 7 maana yake inavumilia kuzama katika maji hadi mita moja kwa dakika 30.

Jambo lingine linatuhusu sana hapa. Motokari mingi inatoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini, kule wanapita kushoto. Sisi tunapita kuume. Kode ya motokari za kule inainua mwangaza upande wa kushoto, na huku kwetu ule mwangaza unaingia moja kwa moja katika macho ya mwenye kuja. Ukisimama mbele ya fari na kuona mushale mumoja kwenye kioo unaoelekea kuume kwako, ni fari ya kupita kushoto. Badilisha hiyo kwanza, mbele ya kuota fari za kuongeza.

Usiweke tena ampuli ya LED ndani ya fari iliyotengenezwa kwa ampuli ya halojeni. Mwangaza unatawanyika ovyo.

Waya na nyuma ya motokari

Ampuli mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinavuta karibu ampere 9. Usizipitishe kwenye kifungo kidogo cha ndani. Weka rele, na fizible ya ampere 15 karibu na batri. Bila ile, waya inaweza kuungua, na moto unaanza chini ya miguu ya abiria. Kwa kamyo za volti 24, nunua ampuli za volti 24.

Nyuma nako kuna kazi. Kwenye vumbi, hatari kubwa ni yule anayekufuata. Taa nyekundu ya ukungu ya nyuma inamuokoa. Kama ni moja tu, kwetu inakaa upande wa kushoto. Ukungu ukiisha, izime.

Nani analipa?

Taa ni chombo cha kazi, sawa kofia na viatu. Sheria ya kazi ya 2002 inataka mwajiri aangalie kazi ifanyike katika hali njema ya usalama na afya. Wenye kampani ndogo za kusafirisha watumikaji wanapenda kumwambia shofere: "Taa ni mambo yako." Hapana. Delege wa sendika apeleke jambo hili kwenye komite ya usalama na usafi wa kazi, kwa maandishi, na namba ya motokari: kode zinaangaza wapi, fari ya ukungu iko ao hakuna, taa ya nyuma inawaka ao hapana. Dakika kumi kwenye parking, mbele ya ukuta, zinatosha kuona.

Na wewe shofere, kumbuka hesabu hii. Kwa kilometa 60 kwa saa, unakula mita 17 kila sekunde. Kama ukungu unakuachia mita 25 za kuona, uko na sekunde moja na nusu. Hakuna fari ya dukani yenye kuongeza hiyo. Inayoongeza ni mguu wako, ukitoka kwenye gazi.