Skana, redio za polisi na uvumi wa usiku: kwa nini kujua masafa hakutoshi

Wakazi wa Cibitoke, mtaa ulio kaskazini mwa Bujumbura jirani na Mutakura na Ngagara, wanaujua usiku usio na redio. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza, Radio Publique Africaine ilifungwa, kisha WhatsApp, Facebook na Twitter zikazuiwa kwenye simu za mkononi. Tarehe 13 Mei likatangazwa jaribio la mapinduzi, na katika saa zilizofuata vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema vilishambuliwa, vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Risasi zilisikika, maelezo hayakusikika.

Katika ukimya wa namna hiyo huzuka sentensi moja: "Kuna mtu amesikia kwenye motorola." Katika Kiswahili cha Bujumbura na cha mashariki mwa Kongo, motorola si jina la kampuni tu, bali ni kila redio ya mkononi anayoibeba askari au mlinzi. Habari inayodaiwa kutoka humo huaminiwa upesi kuliko ya jirani, kwa kuwa hudhaniwa imetoka jikoni kwenyewe.

Siku hizi dai hilo limepata chombo cha kulitilia nguvu. Skana, yaani redio ya kupokea tu, inayopekua masafa mengi kwa sekunde chache, huuzwa wazi Marekani, na ndugu aliyeko huko anaweza kuileta ndani ya sanduku. Pia kuna kijiti cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni kwenye kompyuta. Mwaka 2012 wataalamu waligundua kwamba chipu iliyomo ndani yake inaweza kugeuzwa kuwa kipokezi cha karibu kila aina ya mawimbi. Bei yake ni dola 30 hivi. Swali ni moja: mwenye vyombo hivi husikia nini hasa?

Foleni moja, madirisha mengi

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Kila idara ilipewa njia yake ya masafa: polisi yake, zimamoto yake, mamlaka ya maji yake. Aliyejua namba aliiweka kwenye kipokezi na kusikia yote. Hasara yake ilikuwa upotevu. Njia ya zimamoto ilikaa kimya siku nzima, huku maofisa wa polisi wakigombania nafasi ya kusema katika njia yao iliyojaa.

Dawa ya tatizo hilo ilitoka kwenye simu za waya. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za kukadiria simu ngapi hupigwa kwa wakati mmoja. Kutokana na hesabu za aina hiyo, kampuni iliweza kujua idadi ya nyaya zinazotosha kuhudumia watu wengi bila kila mmoja kuwa na waya wake hadi mwisho wa safari. Mtu aliyewahi kusubiri benki anaielewa kanuni hii. Madirisha matano yenye foleni tano hukwamisha watu, kwa sababu dirisha moja huwa tupu na jingine huzongwa. Foleni moja inayoelekea dirisha lolote lililo wazi huenda haraka, ingawa wahudumu ni walewale.

Mitandao ya redio ya kugawana masafa hufanya vivyo hivyo. Chukua mfano wa mtandao wenye njia sita. Moja ni ya uratibu, haipitishi sauti ya mtu. Ndani yake kompyuta huzungumza na redio zote bila kupumzika. Ofisa anapobonyeza kitufe, redio yake huomba nafasi kupitia njia hiyo. Kompyuta huangalia ipi kati ya tano zilizobaki iko wazi, tuseme ya tatu, kisha huamuru redio zote za kundi lake zihamie huko. Yote hayo hufanyika katika muda usiofika sekunde moja, na ofisa hajui lolote. Akimaliza kusema, njia ya tatu hurudi kwenye hazina ya pamoja. Mwenzake anapojibu, jibu laweza kupita kwenye njia ya tano, na ile ya tatu ikawa tayari imechukuliwa na watu wa maji.

Hapa ndipo hatari ya uvumi ilipo. Mtu mwenye kipokezi cha kawaida kilichotulia kwenye njia ya tatu hasikii mazungumzo, husikia vipande. Atamsikia ofisa akisema "tumeshafika", kisha sauti nyingine ikisema "wawili wameumia". Sikio la mwanadamu halipendi mapengo, hivyo huziunganisha kauli mbili na kuzifanya tukio moja. Huenda ya kwanza ilihusu mabadiliko ya zamu, na ya pili ajali ya pikipiki upande mwingine wa mji. Aliyeisambaza hakusema uongo. Alisikia kweli, ila hakusikia kitu kimoja. Hicho ndicho kinachofanya sauti za aina hii, zikirekodiwa na kutumwa kwenye makundi ya simu, ziwe ngumu kuzipinga kuliko uongo wa kutungwa.

Kufuata kundi, si masafa

Skana iliyotengenezwa kwa ajili ya mitandao hii hutatua tatizo hilo kwa njia moja tu: husikiliza njia ya uratibu. Husoma amri za kompyuta kama redio za ofisi zinavyozisoma, na ikiona kundi linalotafutwa limepelekwa njia ya tano, nayo huruka huko. Kwa hiyo anayeipanga haanzi na orodha ya masafa. Huanza na aina ya mtandao, kwa kuwa kila aina ina lugha yake. Kisha huingiza njia za uratibu, mara nyingi zaidi ya moja kwa sababu mitandao mingi huwa na za akiba. Mwisho huingiza namba za makundi ya mazungumzo, kila moja ikiandikiwa jina ili msikilizaji ajue anayesema ni wa idara gani. Mifumo mingine ya zamani hudai pia njia zipangwe kwa mfuatano uleule wa mtandao. Ukikosea nafasi moja, skana huruka mahali pasipo na mtu.

Namba za makundi hazipatikani kwa kubahatisha. Wapenzi wa mchezo huu hukaa saa nyingi wakiiacha skana ionyeshe kila namba inayojitokeza, huku wakiandika daftarini: hii hutaja mitaa, hii hutaja magari, hii huamka alfajiri tu. Ni kazi ya subira, na pengine ndiyo sehemu yenye ladha zaidi kwa wanaoipenda.

Sasa skana hiyo ikifika Cibitoke ikitokea Marekani, huleta mambo mawili yasiyoandikwa kwenye kasha lake. La kwanza ni lugha. Skana nyingi za Marekani zimeundwa kuelewa mfumo wa kidijitali wa huko unaoitwa P25. Sehemu kubwa ya dunia hutumia TETRA, kiwango kilichobuniwa Ulaya, kinachobana mazungumzo manne ndani ya njia moja ya kilohezi 25, au DMR inayobana mawili katika nusu ya nafasi hiyo. Skana isiyojua TETRA hutoa mvumo tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Kile kitakachosikika vizuri Bujumbura ni marubani wakizungumza na mnara wa uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, kwa sababu usafiri wa anga bado hutumia sauti ya kawaida isiyofichwa kati ya megahezi 118 na 137.

La pili ni sheria. Kanuni za Redio za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, ambalo Burundi ni mwanachama wake, zinazitaka nchi zizuie unasaji wa mawasiliano yasiyokusudiwa umma. Nchini Burundi masafa na vifaa vya redio husimamiwa na ARCT, na hapo ndipo pa kuuliza kabla ya kifaa kuingia nchini, si baada yake. Hata Marekani, nchi inayozivumilia skana kuliko nyingi, sheria ya jimbo la Kentucky inawakataza watu wengi kuwa na redio ya kunasa polisi ndani ya gari. Wahamiaji wa Louisville wanafaa kulijua hilo. Na katika mtaa ambao mwaka 2015 askari walipekua nyumba wakitafuta silaha, antena ngeni juu ya bati haihitaji sheria ili imletee mwenye nyumba matatizo.

Sauti iliyofungwa

Zaidi ya hayo, mlango wenyewe unafungwa. Mitandao ya kidijitali huruhusu usimbaji fiche, na skana inayofuata kundi kwa usahihi kabisa huambulia ukimya. Mwaka 2023 polisi wa New York walianza kuzifunga redio zao, na vyombo vya habari vya mji huo, vilivyozoea kuwahi matukio kwa kusikiliza skana, vililalamika. Mwaka huohuo watafiti wa kampuni ya Midnight Blue ya Uholanzi walionyesha kwamba moja ya kufuli za TETRA lilikuwa limedhoofishwa kwa makusudi: ufunguo ulioelezwa kuwa wa biti 80 ulikuwa na nguvu ya biti 32 tu, kiasi cha kuvunjwa na kompyuta ya kawaida. Serikali zilizonunua redio hizo zikiamini ni salama hazikuwa zimeelezwa.

Nchini Kenya, shambulio la Westgate la Septemba 2013 lililoua watu 67 lilifichua upungufu wa aina nyingine. Polisi na wanajeshi walioingia kwenye jengo hilo hawakuwa na mawasiliano ya pamoja, na walifyatuliana risasi wao kwa wao. Mwaka uliofuata serikali iliipa Safaricom mkataba wa mtandao wa usalama wa Nairobi na Mombasa, uliojengwa juu ya teknolojia ya simu. Mitandao ya namna hiyo haiachi chochote kwa mwenye skana.

Kwa raia anayetaka kujua kama barabara ya kwenda kazini ni salama, basi, njia ya kuchungulia mawasiliano ya askari haina mwisho mwema. Wapo waliochagua njia nyingine. Kaskazini-mashariki mwa Kongo, baada ya waasi wa LRA kuua mamia ya watu huko Haut-Uele wakati wa Krismasi ya 2008, dayosisi ya Kikatoliki ya Dungu-Doruma ilianza kuunganisha vijiji kwa foni, redio za masafa marefu zinazotumia umeme wa jua, na baadaye shirika la Invisible Children likasaidia kuutanua mtandao huo. Hakuna kompyuta inayogawa njia wala kundi lililofichwa. Asubuhi na jioni kila kijiji huitwa kwa jina, na mwenye foni wake hueleza alichokiona: waliopita, idadi yao, upande walioelekea. Vijiji vingine vyote husikiliza, na yule aliyesema anajulikana ni nani na yuko wapi.