Jembe Mchana, Wimbo Jioni



Desemba ni mwezi wa Noeli, lakini kwanza ni mwezi wa kazi. Katika nchi za kusini, kama Masasi na Songea, ndio wakati mvua inaposhika na watu kupanda mahindi. Alfajiri baba atazama mawingu na kuchukua jembe, mama achukua mbegu, na watoto wafuata nyuma. Mvua ikizidi hujibanza chini ya mti. Ikipungua hurudi kondeni, kwa maana udongo mbichi haungoji mtu. Jioni wote hurudi wamelowa, kuni zatoa moshi badala ya moto, na ghalani akiba ya mwaka uliopita imekwisha kupungua. Siku ya namna hii haina alama yoyote ya sikukuu.

Basi kila mwaka twasikia maneno mawili. Walimu walalamika kwamba saa ya kufundisha nyimbo za Noeli imefika, kengele imelia, na waimbaji ni wachache. Nao wenye nyumba wajibu: Tumechoka, mvua yanyesha, tena nguo mpya hatuna, hata siku yenyewe twaona haya kuja kanisani. Neno la kwanza ni dogo. La pili ni kubwa sana. Maana mtu akionea haya nguo yake mbele ya hori la Bethlehemu, amesahau ni nani aliyelazwa humo, na ni nani walioitwa kwanza kumwona. Wachungaji walikuwa kazini usiku ule, wakaenda kwa haraka na mavazi yao ya kazi.

Hata wimbo wa Noeli unaopendwa katika nchi nyingi, ule wa usiku mtulivu, uitwao kwa Kijerumani Stille Nacht, umetoka kwa watu wa jasho. Wengi huuimba wasijue asili yake, nasi twaona yafaa kuwasimulia.

Maneno yake yalitungwa mwaka 1816 na padre kijana, Joseph Mohr, katika nchi ya Salzburg, ambayo leo ni sehemu ya Austria. Alizaliwa mwaka 1792. Baba yake alikuwa askari aliyewaacha, na mama yake alipata riziki kwa kufuma kwa sindano. Tena mwaka ule wa 1816 ulikuwa mbaya katika Ulaya. Mlima wa moto uitwao Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulikuwa umelipuka mwaka 1815. Vumbi lake la angani likafifisha jua, na mvua na baridi zikaharibu mavuno mahali pengi. Basi maneno yale ya amani yaliandikwa katika mwaka wa uhaba.

Sauti ya wimbo ilitungwa na mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, aliyezaliwa mwaka 1787. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo za kitani, akataka mwanawe airithi kazi hiyo. Naye kijana akafanya kazi kwenye mtambo wa kufumia. Lakini alipenda muziki, na mwalimu wa kijiji akamfundisha. Mwaka 1807 akawa mwalimu wa shule ya Arnsdorf, na baadaye akapiga kinanda katika kanisa la Oberndorf, karibu na hapo. Tarehe 24 Desemba 1818 Mohr alimletea maneno yake, akamwomba ayatungie sauti ya waimbaji wawili na gitaa. Akaitunga siku ile ile, na usiku wakaiimba wote wawili. Wengine husema kwamba panya walikuwa wametafuna kinanda. Lakini Gruber mwenyewe, alipoandika habari za wimbo huo mwaka 1854, hakutaja panya hata kidogo.

Na uliendaje mbali? Fundi wa vinanda, Carl Mauracher, aliuchukua mpaka bonde la Ziller; na jamaa ya Strasser wa huko, waliokuwa wakiuza glavu, wakauimba walipofuata biashara yao mjini Leipzig, katika miaka ya 1830.

Tazameni, ndugu: mwana wa mama mfumaji, mwana wa mfumaji wa kitani, fundi wa vinanda, na wachuuzi wa glavu. Je, nyumba gani kwetu ni maskini mno isipate kuimba?

Kwa hiyo twawashauri hivi. Mvua inapowazuia watu wasije kwa mwalimu, wimbo na uende nyumbani kwao. Ubeti mmoja kwa juma watosha. Kwanza maneno yasemwe bila sauti, hata kila mtu ayafahamu. Lugha yetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: katika neno Mwokozi twakaza "ko". Sauti ya kigeni ikikaza mwanzo au mwisho wa neno, mzee asiyejua kusoma hasikii tena jina la Mwokozi wake. Na watoto waliojifunza do, re, mi shuleni wawafundishe wakubwa, kwa adabu.

Wala mikono isikae bure. Anayesuka ukili na asuke, anayechonga mwiko na achonge, anayetia kiraka na ashone. Kazi hizi za jioni ni pumziko kwa mikono iliyoshika jembe mchana. Na mkeka uliosukwa kwa nyimbo za Noeli waweza kutandikiwa mgeni siku yenyewe. Nguo ya kazi nayo, ikifuliwa na kutiwa kiraka, ni vazi la sikukuu.

Nanyi wazee wa kanisa, nendeni kwa jirani asiyekuja. Msimwulize sababu mbele za watu. Ketini naye penye moto, mwimbe ubeti mmoja pamoja, kisha mwambieni kwamba siku ya Noeli mtapita mlangoni pake, mfuatane.

Bwana awabariki katika kazi zenu na katika nyumba zenu.