Kiti bila ufunguo



Katika makanisa yetu ya mashariki tunasema sana juu ya kulea viongozi, na mara nyingi tunamaanisha semina ya siku tatu. Lakini historia yetu inaonyesha kwamba mtu anaweza kufundishwa vizuri na bado akakosa nafasi.

Mwaka 1911 askofu Mmarekani mweupe, Walter Lambuth, alikuja Kongo pamoja na profesa mweusi kutoka Georgia, John Wesley Gilbert. Gilbert alifundisha katika Chuo cha Paine, akajua Kiyunani, na alikuwa amechimbua mambo ya kale huko Ugiriki. Kutoka Luebo walitembea safari ndefu kwa miguu hadi kwa chifu Wembo Nyama, katika Sankuru, jirani zetu wa magharibi. Walinuia kazi ya weusi na weupe pamoja. Misioni ilipofunguliwa mwaka 1914, wamisionari waliotumwa walikuwa weupe. Gilbert hakurudi Kongo tena.

Elimu hakukosa, wala miguu ya kwenda. Basi tukisikia kwamba watu weusi walichelewa kuongoza kwa sababu hawakuwa tayari, tumkumbuke yeye.

Miaka 50 ilipita. Wainjilisti Wakongo walihubiri vijiji kwa vijiji, huku kasha na maamuzi yakibaki posta ya misioni. Mwaka 1964 John Wesley Shungu akawa askofu wa kwanza Mkongo wa Wametodisti. Mwaka 1968 Jean Bokeleale akawa katibu mkuu Mkongo wa Baraza la Kiprotestanti. Mwaka 2012 Kindu ikawa makao ya askofu wa Mashariki ya Kongo, Gabriel Yemba Unda. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote.

Lakini tujiulize: sisi tuliopokea ufunguo, tunaufanyia nini? Leo katika komite zetu hakuna Mzungu wa kulaumu. Hata hivyo neno lile lile, "bado hajawa tayari", tunawaambia mama anayeongoza sala kila wiki, kijana aliyesoma, au ndugu wa kabila lisilo letu.

Matendo sura ya 6 inatupa njia. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula. Mitume hawakuwapa maneno ya faraja tu. Waliliambia kusanyiko lichague watu saba. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Walionung'unika walipewa watu wa upande wao, na watu hao walipewa meza yenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tumchague mtu kwa kazi ambayo kanisa limeiona, si kwa ukoo. Pili, tukimpa kazi tumpe na kasha lake, na atoe hesabu mbele ya washiriki; asiyegusa fedha hajajifunza kuongoza. Tatu, kila komite iandike siku ambayo mwenyekiti ataacha kiti, kabla hajakikalia.

Mkutano wa komite unaokuja, leteni orodha ya wanaoshika fedha na wanaotia saini katika parokia yenu. Tazameni ni nani asiyekuwamo, kisha ombeni, na mchague.