Kabla hujamzimia mwanao muziki

Mwanao ametoka shule, amefunga mlango, spika inatikisa ukuta. Kinachokuja mdomoni ni, “Zima hizo kelele!” Mzazi mwenzangu, kabla hujatamka, kumbuka mwaka 2004.

Mwaka huo X Plastaz, kundi la hip hop la hapa hapa Arusha, lilitoa albamu ya Maasai Hip Hop kupitia kampuni ya Ujerumani, Out Here Records. Vijana wanaghani kwa Kiswahili, kwa kasi, naye Yamat ole Meipoko anaimba Kimaasai. Wengi wetu tulikuwa vijana wakati huo, na wazazi wetu waliita muziki wa aina hiyo uhuni.

Lakini wimbo mmoja humo unaitwa Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki. Ni swali ambalo hata mzee angeliuliza. Aliyewahi kuzima redio hakulisikia. Mwaka 2009 mmoja wao, Gsan, alighani kwa Kiswahili kwenye tuzo za hip hop za BET, Marekani.

Leo jioni kaa na mwanao kwa wimbo mmoja tu. Muulize: huyu anasema nini? Unampendea nini? Kama kuna matusi, utakemea ukijua unachokemea. Kama hakuna, mwambie apunguze sauti, mdogo wake amelala.

Mtoto anayezimiwa muziki kila siku huvaa hedifoni. Hapo nyumba itatulia, ila hutajua tena anasikiliza nini.